Kigae cha Mukabalisa

Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, muda mfupi kabla ya magharibi, Kampire Léocadie, mjane mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, alichovya ncha ya kidole katika sufuria iliyokuwa ikitokota jikoni kwake, na kidole hakikuungua.

Macho hayakuwa yamemdanganya. Mapovu yalipanda na kupasuka, mfuniko uligongagonga kingo za sufuria, na moto wa gesi ulikuwa umetulia, wa buluu, kama inavyopasa. Lakini maji yale yalikuwa baridi ya Ziwa Kivu alfajiri ya mwezi Julai, baridi inayotafuta mfupa. Kampire akatumbukiza mkono mpaka kwenye kifundo, akautoa, akautazama ukichuruzika. Kisha akamwita Egide, mlinzi wa lango, mtu mzima wa Rubona ambaye zamani alikuwa baharia wa boti za mizigo.

"Egide, mtungi huu wa gesi uliununua wapi?"

"Kule kwa siku zote, mama. Iko na shida?"

"Moto wake haupashi."

Egide aliinama kuutazama. "Lakini moto si huu, mama? Mi nauona."

"Usiuone. Utie mkono."

Egide alicheka kidogo, kama mtu anayemridhisha mwajiri wake, akasogeza kiganja kwenye moto. Kicheko kikamwishia mdomoni. Akakishusha kiganja ndani ya ule ubuluu wenyewe, akakiacha humo, vidole vimekunjuka, kama anayenawa.

"Yesu wangu," alisema taratibu. Akautoa mkono, akaufuta kwenye suruali, ingawa haukuwa umelowa.

Nyumba hiyo ilijengwa na Derek, mwana pekee wa Kampire, mtumishi wa benki mjini Kigali. Aliijenga katika mtaa mpya uliopanda kilima, sekta ya Rubavu, mahali ambapo miaka kumi iliyopita palikuwa mashamba ya viazi. Kabla ya hapo Kampire aliishi Mbugangari, mtaa wa mji wa Gisenyi karibu na mpaka wa Goma, katika nyumba ya kupanga iliyobanana na nyingine kiasi kwamba jirani akipiga chafya ulimjibu ukiwa kitandani kwako. Kule chumvi ilipitishwa dirishani. Kule mtoto wa mtu aliogeshwa na yeyote aliyekuwa na maji. Kampire alizaliwa Ngara, upande wa Tanzania, katika familia ya wakimbizi, akarudi nchini mwaka 1995, na katika maisha yake yote hakuwahi kulala mahali ambapo hakujua jina la mtu wa ukuta wa pili.

"Mama, umeteseka vya kutosha na makelele," Derek alimwambia. "Sasa utapumzika."

Wakahamia Jumamosi, tarehe 4 Oktoba 2025: Kampire, na mjukuu wake Mwiza, binti wa Derek mwenye miaka sita, ambaye mama yake alikuwa amekwenda Ubelgiji kutafuta kazi na kupata mengine. Nyumba ilikuwa na vigae vya kung'aa, madirisha makubwa yaliyotazama ziwa kwa mbali, na ukuta uliomzidi mtu mrefu kimo, wenye nyaya juu yake. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa hivyo. Ukitembea barabarani hukuona maua ya mtu wala nguo za mtu kambani; uliona lango, ukuta, lango, ukuta, na tundu dogo katika kila lango, ambamo jicho la mlinzi lilikutazama hadi upite. Wakazi walijuana kwa honi. Salamu zao zote waliziweka katika kundi la WhatsApp, na humo walitakiana Jumapili njema watu waliopishana kila siku vioo vya magari vimefungwa.

Sebuleni Kampire alitundika kitambaa alichokishona mama yake huko Ngara, chenye maneno ya nyuzi nyekundu: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alikitundika mchana wa siku ile ile ya kuhamia. Jioni yake mgeni alikuja.

Mvua ilikuwa inaanza. Masanduku yalikuwa yamejaa ukumbini, Mwiza amekaa juu ya mojawapo akila uji, na Derek alikuwa akipigana na waya wa televisheni. Egide akaja mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, iko mukecuru mmoja, bibi mzee, kwa lango."

"Anataka nini?"

"Hasemi. Amekohoa tu, akanyamaza. Iko na kigae cha chungu, amekifunika na jani ya ndizi."

"Kigae?" Derek alisema bila kugeuka. "Huyo ni wa kile kibanda cha mwisho, wanaosubiri kukibomoa. Amekuja kuomba makaa. Mama, ukimfungulia leo, kesho watapanga foleni."

Kampire alikuwa amechoka. Miguu ilikuwa imemvimba. Mbugangari asingeuliza, angekwisha kuwa amesimama na kumvutia mtu kiti. Lakini hapa palikuwa mahali papya, na mwanawe alikuwa amejenga lango lile kwa jasho lake.

"Mwambie hatuna makaa, tunapikia gesi. Akanunue kiberiti."

Egide akaenda, akarudi.

"Nimemwambia. Ameketi pale chini kwa ukuta."

"Mvuani?"

"Mvuani, mama."

"Atachoka mwenyewe," Derek alisema.

Akachoka mwenyewe.

Jina lake lilikuwa Mukabalisa. Kampire alilijua jina hilo Jumamosi, tarehe 25 Oktoba, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku pekee ambayo watu wa mtaa ule walitoka nje ya malango kwa miguu. Siku nyingi kabla yake kundi la WhatsApp lilikuwa limechafuka kwa lawama za harufu. Nani shimo lake la choo limejaa? Si kwetu. Kwetu ni safi, njooni mkague. Wengine muwe na ustaarabu, hapa si Mbugangari.

Msimamizi wa kazi alikuwa Kayitare, kapteni mstaafu wa jeshi, aliyekulia Uganda, mwenye lango lililotazamana na la Kampire.

"Mama Derek!" alisema huku akiegemea koleo ambalo halikuwa limegusa udongo. "Kumbe wewe ndiye mwenye ile gari nyeupe. Mimi nilidhani nyumba hiyo ina mzungu."

"Gari ni la mwanangu, Afande. Mimi natembea."

"Unatembea! Huku juu anayetembea ni mlinzi na mbwa."

Watu wakacheka. Walizibua mfereji wakiifuata harufu, na harufu ikawatoa kwenye malango yao wote, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akipumua kwa kuondolewa lawama, hadi mwisho wa barabara, kwenye ua wa minyaa uliozunguka kijumba cha udongo. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Mukabalisa alikuwa amelala kando ya mafiga yake matatu, amejikunyata ndani ya kitenge, na jivu mbele yake lilikuwa limeganda kama saruji. Karibu na kichwa chake palikuwa na kigae cha chungu, na ndani ya kigae makaa meusi, yamelowa.

Mganga wa zahanati alisema ni baridi na uzee, na kwamba zimepita wiki mbili au zaidi. Egide alimtazama Kampire. Kampire alitazama mfereji.

Alizikwa na serikali ya mtaa siku ile ile, kwa kuwa hapakuonekana ndugu. Kundi la WhatsApp likaandikiana pole, na mikono mingi ya kuomba. Hakuna aliyeandika: alipita kwangu.

Basi ulipofika ule mwezi wa Novemba, na ile sufuria ikatokota baridi, Kampire alijua moyoni kabla akili haijakubali kujua. Fundi wa gesi alikuja, akasema mtungi ni mzima. Akanunua jiko la mkaa: mkaa ukawaka mwekundu kama jicho la ng'ombe mwenye hasira, na maharage yakalala humo kutwa nzima yakatoka magumu. Pasi ya umeme ilipita juu ya gauni bila kunyoosha kunjo hata moja. Wakawa wanakula mkate, na chakula alichokileta Egide kutoka vibandani chini ya kilima, ambacho mvuke wake ulikatika kila alipovuka nacho kizingiti.

Na kila magharibi, taa za barabarani zilipowaka, sauti ilikuja langoni. Haikuwa sauti ya kubisha, kwa maana anayebisha anataka kufunguliwa upesi. Ilikuwa sauti ya kitu cha udongo kikiburuzwa polepole juu ya chuma, krrr, kikinyamaza kwa adabu, kama mtu aliyekohoa na anayengoja aulizwe hali. Kisha krrr tena. Egide alichungulia tunduni na hakuona mtu. Akafungua lango: hakuna mtu. Lakini pale chini ya ukuta ardhi ilikuwa imelowa mahali pa ukubwa wa mtu aliyeketi, hata siku ambazo mvua haikunyesha, na harufu iliyokuwa ikipanda pale ilikuwa ya jivu lililomwagiwa maji.

Kampire alivuka barabara akabisha kwa Kayitare. Kapteni alikuja mwenyewe, akazungumza naye kupitia tunduni.

"Afande, samahani. Jioni hizi, husikii kitu barabarani?"

Jicho lilipepesa. "Kitu gani?"

"Kama kigae. Kikikwaruza."

"Mama Derek, sisi hatusikii vitu. Tuna madirisha ya vioo viwili." Kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti isiyokuwa ya kapteni: "Kwangu kilipita mara moja. Kikaenda. Kwako ndiko kinakokaa. Usiniulize tena, tafadhali, mke wangu ana presha."

Na jicho likaondoka tunduni.

Yote hayo Kampire angeyavumilia, kwa kuwa mwanamke aliyekulia kambini hashindwi na mkate mkavu. Lakini Jumapili, tarehe 16 Novemba, alipokuwa akimsuka Mwiza ukumbini, jua la saa tisa likiwa linawaka madirishani, vidole vyake vilikuta nywele za mtoto zimelowa chapa, na maji yalikuwa yakimtiririka shingoni.

"Umecheza na bomba?"

"Hapana, Bibi."

"Mbona umelowa?"

Mwiza alifikiri. Alikuwa mtoto wa kujibu kwa uangalifu. "Kwa sababu nimekaa na bibi wa mvua."

"Wapi?"

"Pale chini ya ukuta. Anasema tungoje tu, wenye nyumba watatuita."

"Lini umetoka nje, Mwiza?"

"Sijaingia, Bibi," alisema mtoto, akatetemeka, na meno yake yakaanza kugongana.

Hospitalini walimfunika mablanketi, wakamtundikia dripu ya maji vuguvugu, akatazamwa na daktari mmoja na mwingine. Kipimajoto kilishuka badala ya kupanda. Walimrudisha nyumbani, madaktari hawajui tena la kufanya, na Kampire akaona ukweli mchungu: ndani au nje ya nyumba ile, juani au kitandani, mtoto alikuwa yuko pale pale, chini ya ukuta, mvuani. Nywele hazikukauka tena. Alipomkumbatia usingizini alinusa jivu.

Derek alikuja Jumapili, tarehe 23 Novemba, na hakuja peke yake. Alimleta Mchungaji Théoneste kutoka Kigali, mtu mwenye suti ya rangi ya maziwa na kipaza sauti chake mwenyewe.

"Ni jini la maji," Mchungaji alitamka akiwa bado mlangoni. "Limepanda kutoka Kivu. Hawa wanapenda nyumba mpya, nyumba zenye vioo."

"Mchungaji," Kampire alisema, "si jini. Kuna mama mmoja jirani..."

"Mama, tafadhali," Derek alimkatiza. "Mwache mtu wa Mungu afanye kazi."

Magharibi ilipoingia na kigae kikakwaruza, Mchungaji alisimama mbele ya lango, akakiinua kipaza sauti, akaanza kulikemea jini kwa Kinyarwanda, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, akiliamuru litoke, lirudi ziwani, liache damu ya watu hawa, na sauti yake ikapiga kuta za mtaa mzima ikarudi, na katika maghorofa ya majirani, ambako kwa miezi hapakuwa na uso, kulitokea simu zilizoinuliwa zikichukua picha, taa zake ndogo zikiwa zimetapakaa gizani kama macho ya paka. Kigae kikanyamaza. Kikanyamaza kabisa. Mtaa ukapiga makofi kutoka juu ya kuta.

Na ndani ya nyumba Mwiza akaacha kutetemeka.

"Mnaona?" Derek alisema, machozi yakimtoka. "Amepona! Mama, mtazame, ametulia."

Kampire alimtazama. Alikuwa amezika watoto wawili katika baridi ya kambi kabla Derek hajazaliwa, na alijua kwamba mtoto anayetetemeka bado anapigana. Alimshika mkono. Ulikuwa kama mkono wa mtu aliyetolewa ziwani.

"Derek, usiondoke leo."

"Mama, kesho ni Jumatatu, nina kazi. Mchungaji amemaliza. Imani ni kutotazama nyuma."

Wakaondoka na gari jeupe. Honi ikalia mara moja kwenye kona, kwa adabu ya mtaa ule.

Jumanne, tarehe 25 Novemba, asubuhi, alikuja langoni mtu aliyebeba ndoo ya sambaza, wale dagaa wa Kivu. Alikuwa Phocas, mvuvi wa Rubona. Egide alimjua tangu enzi za boti, akamwingiza hadi jikoni bila kuomba ruhusa, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile mtu asiye wa nyumba aliketi.

"Mi natafuta mutu ya kunionyesha kaburi ya shangazi yangu," Phocas alisema. "Mukabalisa. Tulikuwa ziwani upande wa Kibuye, motoru ikaharibika, tukakaa kule. Kurudi naambiwa amezikwa, na nyumba hata ukuta haiko."

Kampire alikaa juu ya kiti kilichokuwa karibu. Akamweleza. Hakuficha la Derek wala lake. Alisema mama yule alikuja kuomba makaa, nao wakamnyima.

Phocas aliweka ndoo chini.

"Kuomba?" alisema. "Nani amekuambia aliomba?"

"Alikuwa na kigae."

"Mama, mi nilimukuta njiani ile jioni! Nilikuwa natoka kumupatia samaki. Kigae ilikuwa inatoa moshi chini ya jani. Nikamuuliza, shangazi, unaenda wapi na moto na mvua inakuja? Akasema, 'Iko nyumba mupya pale, watu wameingia leo. Nyumba haiwezi kulala bila moto ya jirani. Na wale wengine wa kule juu hawajui. Nisipowapelekea mi, nani atawapelekea?'" Phocas alifuta uso kwa kiganja. "Alikuwa anakuletea, mama. Moto ya kwanza. Alitoa makaa yake yote, nikamwambia, shangazi, bakisha. Akasema, 'Watanipa kidogo ya kurudi nayo, ndivyo watu wanafanya.'"

Sambaza waling'aa ndani ya ndoo.

"Kwa nini hakusema?" Kampire aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Angesema neno moja tu."

"Aseme nini, na we ni mama mukubwa, desturi unajua? Mutu akikuletea kitu anakohoa, anangoja umuulize habari. Hawezi kupiga kelele kwa lango, 'Mimi nimeleta zawadi.' Wa zamani ndo walikuwa hivyo." Kisha akauliza: "Ile jioni, nani alikula wa kwanza ndani?"

Kampire alimwona Mwiza juu ya sanduku, bakuli la uji mapajani. "Mjukuu wangu."

"Bon," Phocas alisema kwa huzuni. "Alikula ndani ya nyumba haijapewa moto. Donc, basi, mutoto hajaingia. Bado iko nje, na shangazi."

"Nifanye nini, baba?"

"Mi ni mutu ya samaki, mama, si muganga. Lakini mutu akikuletea kitu, unafanya nini? Unamufungulia."

"Na atakuja na nini sasa?"

Phocas alikwepa macho yake. "Na kile alikuwa nacho."

Jioni ile Kampire alikwenda nyuma ya nyumba, penye mabaki ya wajenzi, akachagua mawe matatu meusi ya volkano, akayapanga uani karibu na mlango wa jiko. Akaokota mbao za boksi, akazikata. Akatafuta nyumba nzima chombo cha udongo cha kupokelea moto, na hakuna kilichokuwapo. Vyote vilikuwa vya plastiki na chuma. Akamwambia Egide akae na mtoto, asitoke hata akisikia nini. Kisha akaenda akalifungua lango, mbawa zote mbili, kama zinavyofunguliwa kwa gari, akaketi kwenye kigoda katikati ya njia, na taa za barabarani zikawaka.

Kigae hakikukwaruza, maana hapakuwa na chuma cha kukikwaruza. Kilichokuja kwanza ni harufu, ile ya jivu lililolowa, ikipita chini chini kama moshi wa nyasi mbichi. Halafu kikaja kikohozi, kikavu, cha mtu mzima mwenye heshima zake, na Kampire, ambaye kila mshipa wa mwili wake ulimwambia asimame akimbilie ndani afunge na funguo azitupe, alikaza vidole kwenye ukingo wa kigoda akasema kwa Kinyarwanda, kama mama yake alivyomfundisha kusema kabla hajajua kusoma, "Murakaza neza, muturanyi," karibu, jirani. Na pale chini ya ukuta, mahali palipolowa, kitenge kiliinuka, kikajikunjua polepole kama mtu ambaye viungo vyake vimekaa muda mrefu mno katika hali moja, maji yakimwagika kutoka kila pindo ingawa mbingu ilikuwa kavu na nyota zilionekana, na uso uliokuwa ndani yake ulikuwa uso wa wiki mbili kando ya mafiga, ambao Kampire aliuona mara moja tu na hakuuelezea tena kwa mtu, ukaja, mguu mmoja na mwingine, ukavuka reli ya lango, na mikono miwili ikanyoosha kigae.

Kampire akapokea makaa kwa viganja vitupu, kwa kuwa hakuwa na chombo. Makaa yalikuwa meusi na mazito kwa maji, na baridi yake ilimchoma kama chuma cha fundi. Hakuyaangusha. Aliyabeba mpaka kwenye mawe, akayalaza juu ya mbao, akapiga magoti, akaanza kupuliza.

Alipuliza mpaka kichwa kikazunguka. Alipuliza mate yakakauka, akapuliza akilia, akimwomba msamaha yule aliyekuwa amechuchumaa upande wa pili wa mawe, ambaye hakujibu na hakuondoka. Kisha katika moyo wa kaa moja kukawa na doa, jekundu, dogo kuliko tundu la sindano. Likakua. Mbao zikatoa moshi. Na ulimi wa kwanza wa moto uliporuka, joto lake likampiga Kampire usoni, joto halisi, la kwanza katika nyumba ile tangu siku ya sufuria, na kutoka ndani sauti ya Mwiza ikapasua ukuta:

"Bibi! Bibi, blanketi zinaniunguza! Njaa!"

Egide akatoka mlangoni mtoto mikononi, akaona moto, akaona waliokaa kando ya moto, akageuka akarudi ndani. Walipika sambaza walioachwa na Phocas. Mwiza alikula akalala, nywele zake kavu.

Lakini kuna desturi moja ambayo Kampire hakuwa ameisahau: mgeni husindikizwa. Moto ulipokolea alisimama, akaweka makaa mawili katika kigae, ya kurudi nayo, akamkabidhi mwenyewe. Wakatoka langoni, wawili hao, wakaifuata barabara kati ya kuta na kuta, hadi mwisho. Ua wa minyaa haukuwapo. Kijumba hakikuwapo. Tingatinga lilikuwa limesawazisha kila kitu, na katikati ya uwanja ule mwekundu palisimama ubao wenye picha ya nyumba ya ghorofa, na ukuta wake.

Wakasimama pale kwa muda, Kampire na jirani yake. Kisha yule mwenye kigae akageuka. Na Kampire, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kumsindikiza, akageuka naye, wakarudi.

Derek alikuja mwisho wa mwezi akamkuta mama yake uani kwenye mafiga, moshi umepaka masizi ukuta wake mweupe, akizungumza kwa utaratibu na upande wa pili wa moto. Akamchukua Mwiza kwenda naye Kigali. Hakurudi mpaka Pasaka, na alipokuja hakulala. Majirani huandika katika kundi kwamba moshi unaharibu mandhari. Kayitare amepandisha ukuta wake. Kila jioni Egide huosha vikombe viwili vya chai, na vyote viwili vimetumika.

Sasa Derek huwasimulia watu huko Kigali kwamba jini la Gisenyi lilifukuzwa na Mchungaji Théoneste, Jumapili, tarehe 23 Novemba 2025, na kwamba tangu siku hiyo mama yake anaishi peke yake kwa amani katika nyumba aliyomjengea. Tarehe ya maombi ni sahihi. Mengine yanahitaji kurekebishwa. Hapakuwa na jini; palikuwa na mtu aliyeleta moto. Hakufukuzwa, alikaribishwa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne, tarehe 25. Na Kampire Léocadie haishi peke yake. Katika mtaa mzima ule, yeye ndiye mkazi pekee mwenye jirani.